Sanamu za watu kwa udongo wa karatasi: wa pakiti, wa kujichanganyia au wa kichuguu?

Parokia nyingi za Lubumbashi hupanga pango la Noeli mwezi wa Desemba, na Desemba ndiyo mvua imeshika. Anayetaka kufinyanga Maria, Yosefu na wachungaji kwa udongo unaokauka wenyewe bila tanuri lazima kwanza achague udongo. Upo wa pakiti, unaotoka ng'ambo. Upo wa kujichanganyia nyumbani kwa karatasi, gundi na lipu laini. Na upo wa tatu, ambao watu wanaupita kila siku bila kuuhesabu: udongo wa kichuguu uliotiwa rojo ya karatasi. Hapa naupima kila mmoja kwa kazi moja tu, sanamu ya mtu yenye urefu wa kati ya sentimita 25 na 40. Udongo unaofaa kwa bakuli au kwa shanga si lazima ufae kwa mtu mwenye shingo, vidole na uso utakaotazamwa kwa karibu.

Msimamo wangu nauweka mbele. Sanamu itakayokaa ndani ya nyumba au kanisani, mwili wake ufinyange kwa udongo wa kujichanganyia, uso na mikono kwa udongo wa pakiti. Sanamu itakayoguswa na mvua, tumia udongo wa kichuguu, tena uuchome moto. Aliye na haraka anaweza kuishia hapa, lakini sababu zake zina faida kuliko jibu lenyewe, maana ndizo zitakazokusaidia siku utakapokosa kitu kimoja ukalazimika kutumia kingine.

Kilicho ndani

Aina zote tatu zimejengwa kwa vitu vinne: nyuzi za karatasi, unga wa madini, kitu cha kunata, na maji. Nyuzi hufanya kazi ile ile ya nyasi katika udongo wa ukuta wa nyumba ya miti: zinashikilia ili ukuta usipasuke. Unga ndio unaotoa ulaini, ndio unaokubali alama ya kope na ukucha. Ukizidisha nyuzi unapata kitu kigumu kuvunjika lakini chenye manyoya. Ukizidisha unga unapata ngozi laini inayovunjika kidole kikigongwa mezani. Maji nayo ndiyo chanzo cha nyufa, kwa sababu kila tone linalotoka linaacha nafasi, na udongo unasinyaa kuifuata. Tofauti kati ya aina hizi tatu inatoka kwenye vipimo hivyo.

Udongo wa pakiti

Majina yanayojulikana zaidi ni La Doll, unaotengenezwa na Padico ya Japani, na DAS wa Italia. La Doll, kama jina linavyodokeza, ni udongo wa watengeneza wanasesere, na kwa uso wa mtu sijaona unaoupita. Nyuzi zake ni fupi mno, huzioni. Ukishalainisha shavu kwa kidole chenye maji kidogo, linakauka likiwa limefungana, na baada ya hapo unaweza kulichonga kwa kisu chembamba na kulipiga msasa kama mbao laini. DAS una uzito zaidi mkononi, unakauka ukiwa mgumu na wenye ubaridi wa jiwe, lakini sehemu nyembamba zake huvunjika upesi kuliko za La Doll. Kwa vidole vya sanamu ningechagua La Doll. Kwa kitako, kiti au mwamba anaokalia mchungaji, DAS unatosha kabisa.

Tatizo ni kuupata. Hapa mjini haupo kila duka. Mara nyingi unaagizwa au unaletwa na mtu anayesafiri, kwa hiyo bei yake inabeba na nauli. Pakiti ya gramu 500 inatosha vichwa na mikono ya sanamu kadhaa, lakini ukifinyanga mwili mzima wa sentimita 40 bila kiini ndani, utakula pakiti baada ya pakiti. Jambo lingine: pakiti iliyofunguliwa haingoji. Katika ukavu wa Agosti, kipande kilichoachwa wazi mezani kinaota ganda wakati unapika chai. Kata kiasi unachohitaji, kilichobaki kifunge kwenye plastiki pamoja na kitambaa chenye unyevu, kisha ukitie ndani ya kopo lenye kifuniko.

Udongo wa kujichanganyia

Hapa ndipo pana utajiri, na ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu si udongo mmoja. Unabadilika kufuatana na karatasi unayoanza nayo.

Karatasi ya choo ndiyo nyepesi kuliko zote: inasambaratika ndani ya maji ya moto kwa dakika chache, na nyuzi zake fupi zinakubali kulainishwa. Trei za mayai, zile za kijivu, tayari ni rojo iliyokaushwa. Zilowekwe usiku mmoja, asubuhi unazivunja kwa mikono. Zinatoa udongo wa kijivu wenye nguvu za wastani, mzuri kwa mwili, kwa kondoo na kwa punda. Kisha kuna mifuko ya saruji, ambayo mimi naithamini sana kwa kiunzi na kwa viungo. Karatasi yake ya kahawia ina nyuzi ndefu, na nyuzi ndefu ndizo zinazofanya mkono ulionyooshwa usikatike. Chagua mifuko ya karatasi tupu, si ile ya plastiki iliyofumwa. Ibandue tabaka kwa tabaka, utupe tabaka lililoganda saruji, na uyakung'ute mengine nje ukiwa umefunika pua, kwa sababu vumbi la saruji linachoma ngozi na mapafu. Baada ya hapo, loweka siku kadhaa, chemsha, halafu twanga kwenye kinu cha zamani kisichorudi jikoni.

Mchanganyiko ambao wafinyanzi wengi duniani huanzia ni huu: kikombe kimoja na nusu cha karatasi ya choo iliyolowekwa na kukamuliwa, kikombe kimoja cha lipu laini ya ndoo (ile mafundi rangi wanayosawazishia kuta, inauzwa ikiwa tayari), robo tatu ya kikombe cha gundi nyeupe ya mbao, nusu kikombe cha unga wa ngano, na vijiko viwili vya mafuta ya kitani. Mafuta yanauzuia udongo usigande vidoleni. Gundi hapa wengi wanaiita kole. Nunua ile ya maseremala, si ya shule iliyotiwa maji.

Kukamua ndiko kunakoamua kama udongo utafaa. Shika donge la rojo, finya mpaka maji yaache kudondoka, kisha fungua ngumi. Donge lisimame lenyewe likiwa na alama za vidole vinne, na kiganja kibaki na unyevu bila kutiririka. Likimeremeta, bado. Likivunjika vipande, umelikausha mno, rudisha maji kidogo. Rojo yenye maji mengi itakupa sanamu inayokunjamana usoni kama nguo isiyopigwa pasi, na hakuna msasa utakaoirekebisha.

Angalia mambo mawili kuhusu lipu. Usiibadilishe kwa plasta ya unga, ile inayoganda ikikutana na maji: hiyo inashika ndani ya dakika chache na bakuli lote linakuwa jiwe kabla hujamaliza goti. Na kabla ya kuchanganya ndoo nzima, jaribu kijiko kimoja cha lipu na kijiko kimoja cha gundi, kwa sababu baadhi ya lipu zinagombana na gundi, mchanganyiko unakuwa kama mpira. Ukikosa lipu kabisa, sokoni kuna pemba, ule udongo mweupe ambao wajawazito hutafuna. Usage, uuchekeche, uutumie badala ya lipu pamoja na gundi ya ziada. Unakauka mweupe safi na unapokea rangi vizuri, ingawa sehemu yake ya juu hukwaruzika upesi.

Wapo wanaoacha gundi ya kununua wakapika uji mzito wa muhogo. Uji unashika, hilo ni kweli, na ni wa bei nafuu. Ila wanga ni chakula. Mende wanaujua, panya wanaujua, na ukungu unaujua kuliko wote. Ukiutumia, tia kijiko cha maji ya javeli (dawa ya kung'arisha nguo nyeupe) au matone ya mafuta ya karafuu, na sanamu ipakwe vernisi (vanishi) kila upande, hata chini ya nyayo. Sanamu za Noeli hulala kabatini miezi kumi na moja. Kwa kazi hiyo mimi ningelipia gundi ya mbao.

Kuhusu uso, udongo wa kujichanganyia unashindwa na wa pakiti waziwazi. Unaweza kuusaidia: saga rojo kwenye mashine ya kusagia, ongeza lipu, kisha finyanga tabaka la juu lenye milimita mbili tu. Utapata uso unaopendeza kwa umbali wa hatua tatu. Kwa hatua moja, nyuzi zitaonekana kwenye kope. Ndiyo maana nasema mwili kwa huu, uso kwa ule. Kuviunganisha si kazi: acha mwili ukauke, kwaruza sehemu ya shingo, ilowanishe kwa gundi iliyotiwa maji, ndipo uweke udongo wa pakiti juu yake.

Udongo wa kichuguu na karatasi

Nje ya Lubumbashi vichuguu ni vilima; vingine vinapita urefu wa nyumba, na wafyatua matofali wamevitumia miaka na miaka. Mchwa hupandisha chembe laini kutoka chini, kwa hiyo kichuguu kina udongo unaonata kuliko ardhi inayokizunguka. Ukiutia rojo ya karatasi, kipimo kimoja cha rojo kwa vinne vya udongo uliolainika kama uji, unapata kitu ambacho udongo mtupu hauwezi: unaweza kuunganisha kipande kibichi na kipande kilichokwisha kukauka, ufa usitokee. Mfinyanzi wa kawaida anajua hilo ni mwiko. Nyuzi za karatasi zina mrija ndani yake, zinanyonya maji ya udongo mbichi na kuuvuta ndani ya mkavu. Hivyo sanamu yako inaweza kungoja wiki mbili, ukarudi, ukalowanisha bega na kuongeza mkono.

Maandalizi ni marefu. Kausha madongoa kabisa kabla ya kuyatia majini, kwa kuwa dongoa kavu linayeyuka haraka kuliko lenye unyevu. Chekecha kwa makini: vichuguu vya Katanga, eneo ulipo mji wa Lubumbashi, mara nyingi vina vijiwe vyeupe vya chokaa, na kijiwe kama hicho kikibaki ndani, baada ya kuchomwa kinanyonya unyevu wa hewa, kinavimba na kurusha kipande cha shavu. Dondoshea tone la siki juu ya kijiwe unachokishuku. Kikitoa povu, ni chokaa. Kisha fanya kigae cha majaribio, chora mstari wa sentimita 10, kiache kikauke. Mstari ukibaki na sentimita 9.3, udongo umesinyaa asilimia 7, na sasa unajua ukubwa wa kuanzia.

Mahali pa kuchimba pana uzito wake. Udongo ulio upande unakopeperushiwa moshi na vumbi la kiwanda cha kale cha kuyeyusha shaba, karibu na ule mlima mweusi wa mabaki na bomba refu, umebeba risasi, kadimiamu na metali nyingine. Usichimbe huko, usiwape watoto udongo wa huko. Nenda mbali na mji, omba ruhusa kwa mwenye shamba.

Usipochomwa, udongo huu ukikauka una nguvu za kutosha kushikwa na kupakwa rangi, lakini ukimwagiwa maji unarudi kuwa tope. Ukichomwa, karatasi inaungua na kuondoka, sanamu inabaki nyepesi na haiyeyuki tena. Moto wa kuni wa uwanjani hufika nyuzijoto 600 hadi 900, na hizo zinatosha. Wengine huelewana na mfyatua matofali, sanamu zikapangwa katikati ya tanuri lake pamoja na matofali, jambo ninalolipenda kwa sababu kuni zile zingewaka kwa vyovyote, na msitu wa miombo umekwisha kupungua vya kutosha. Moshi wa karatasi ni mwingi mwanzoni. Usijaribu ndani ya ua mdogo.

Sanamu ya kuchoma haivumilii waya ndani yake. Udongo unasinyaa, waya hausinyai, na kitakachopasuka ni udongo. Kwa hiyo mtu wa kichuguu lazima awe ameketi, amejikunja, au amevaa nguo inayofika chini. Waluba wa Kongo walilijua umbo hilo kwenye mbao: mboko, mwanamke aliyeketi akishika bakuli mapajani, na ndani ya bakuli pemba. Mikono imeshikana na bakuli, miguu imeshikana na kitako, hakuna kinachoning'inia peke yake. Ukifinyanga Maria kwa mpango huo, Mtoto akiwa kifuani na magoti chini ya kitambaa, udongo wa kichuguu utakutii. Ukitaka malaika mwenye mabawa wazi, chukua waya na udongo wa kujichanganyia.

Waya

Waya wa kufungia nondo ni mgumu na unapatikana kila mahali, lakini una kutu. Ukiwa ndani ya udongo mweupe wenye maji, kutu inapanda juu, na baada ya siku chache unaona doa la kahawia kifuani. Uzungushie skochi, ule utepe wa plastiki wenye gundi, mwanzo hadi mwisho, au uupake rangi ya mafuta na uuache ukauke. Waya wa shaba wa umeme hauna shida hiyo kubwa na unapinda kwa vidole tu. Ununue mpya dukani. Waya wa mkokoteni usiojulikana umetoka wapi huenda umeacha mtaa mzima gizani.

Kiini cha tumbo na kifua kiwe magazeti yaliyofinywa na kufungwa kwa skochi mpaka karatasi isionekane. Karatasi iliyoachwa wazi inanyonya maji ya udongo, inavimba, halafu inasinyaa baadaye ikiacha uwazi ndani.

Kiangazi na masika

Kwenye kukauka, mshindi anabadilika na majira. Kuanzia Mei hadi Septemba hewa ya Lubumbashi ni kavu sana, na adui ni haraka: ganda la juu linakauka, moyo bado una maji, na ufa unafunguka kiunoni au shingoni. Wa pakiti ndio unaoumia zaidi. Funika sanamu kwa plastiki iliyotobolewa, iweke kivulini, ongeza tabaka zisizozidi nusu sentimita kwa mara moja. Mbabula, yaani jiko la makaa, usiisogeze karibu. Makaa yanakausha upande mmoja, na upande huo unavutwa mpaka sanamu inainama.

Kuanzia Novemba hadi Machi adui ni ukungu. Sasa udongo wa kujichanganyia ndio unaoteseka, hasa wenye unga wa ngano au uji: siku ya nne unasikia harufu, siku ya sita unaona madoa meusi kwapani. Finyanga tabaka nyembamba, weka sanamu juu ya wavu ili hewa ipite chini, na ukipata feni itumie. Udongo wa kichuguu unakauka polepole bila kuharibika, ila hauwezi kwenda motoni mpaka ukauke kabisa. Maji yaliyobaki yanageuka mvuke na kuupasua.

Kujua kama umekauka, weka sanamu shavuni. Ikiwa baridi, maji bado yanatoka. Njia ya uhakika zaidi ni mizani ya muuza unga: pima leo, pima kesho kutwa, na uzito ukiacha kushuka ndipo upake rangi na vernisi. Ukifunga maji ndani kwa vernisi, rangi itababuka. Ukipiga msasa, iwe udongo gani, vaa barakoa. Au tumia sifongo chenye unyevu badala ya msasa, vumbi lisiruke kabisa.

Kwa kazi yako

Darasa la watoto lichukue trei za mayai na gundi, bila lipu na bila mfuko wa saruji. Nyuso hazitakuwa laini na haidhuru. Anayetaka kuuza sanamu ndogo moja moja, za kushikwa na kutazamwa kwa karibu, awekeze kwenye pakiti, kwa sababu mnunuzi analipia uso. Pango la nje, chini ya paa la nyasi linalovuja, linahitaji kichuguu kilichochomwa, na kazi hiyo ianze Juni, kabla mvua haijaufunga uwanja wa moto. Pango la ndani likianza Agosti litakuwa limekauka na kupakwa rangi kufikia Oktoba.

Na aliyechelewa, Novemba imemkuta na karatasi ya mahesabu tu mkononi, asifinyange miili. Afanye vichwa, mikono na nyayo peke yake kwa udongo wa pakiti, vitu vidogo vinavyokauka hata kukiwa na mvua. Mwili uwe waya na magazeti, kisha auvike vipande vya kitenge au shuka la zamani vilivyochovywa kwenye gundi nyeupe iliyotiwa maji nusu kwa nusu. Mikunjo ya nguo aipange kwa vidole ikiwa bado imelowa, aibane kwa vibanio vya nguo pale inapotaka kuanguka. Kitambaa chepesi kikipata upepo kinakakamaa baada ya siku moja au mbili, na vazi la Yosefu litakuwa na mikunjo ya kweli ambayo udongo ungehitaji wiki nzima kuiiga.